Binti yangu kakosa alama kwa "vitabu vyangu vizuri vimepotea". Hiyo si takriri?

#1 MamaKibanda

Wakuu salaam. Mimi ni mwanachama wa kusoma tu, huu ndio uzi wangu wa kwanza, mnivumilie.

Nina binti kidato cha tatu. Wiki iliyopita kaja na karatasi ya mtihani wa ndani wa Kiswahili, sehemu ya ushairi kapata 4 kati ya 15. Mtoto anayeongea Kiswahili tangu azaliwe! Nikasema leo kibanda nafunga mapema. Tukaketi mezani, mimi, yeye na karatasi.

Swali lilitaka ataje tamathali za semi na mbinu za sauti katika shairi walilopewa, kila moja na mfano wake. Kwenye tashbihi kaandika "sijui kama nitafika". Kwenye tashihisi kaandika "jua limezama". Kwenye tanakali sauti kaandika "nyeupe pe". Na kwenye takriri konsonanti kaandika "vitabu vyangu vizuri vimepotea", akaeleza kabisa kwamba sauti v imerudiwa mara nne. Zote kosa. Pembeni mwalimu kaandika kwa wino mwekundu: "Soma tena."

Asome nini tena? Daftari lake lina maana zote, anazitiririsha kama anasoma dua. Na hiyo ya v hata mimi nilivyoisoma nikaona mbona imejirudia kweli? Simlaumu mwalimu, darasa lina watoto wengi, na jina la shule halihusu hapa. Nataka kujua tu mtoto kakosa wapi.

#2 Kibajaji

Nimeingia mbio nikidhani kuna mtu kasahau vitabu kwenye bajaji yangu.

#3 MwlMstaafu

Mama, hodi humu. Nimefundisha Kiswahili mpaka nywele zikaisha, sasa nafuga kuku. Nitaanza na hiyo ya v maana ndiyo tamu, nyingine nitazipitia nikipata nafasi.

Binti kakosa, lakini kakosa kwa akili. Sikio lake limesikia sawasawa. Alichosahau ni kujiuliza ile sauti imeletwa na nani.

Kiswahili ni lugha ya ngeli. Ukishatamka "vitabu", hiari huna tena: vyangu, vizuri, vimepotea. Mshairi atasema hivyo, polisi anayeandika maelezo kituoni atasema hivyo, na mtoto wa miaka minne atasema hivyo. V nne zile ni upatanisho wa kisarufi. Hakuna aliyetunga kitu hapo. Tukizihesabu kuwa ufundi, basi tangazo la kukatika maji nalo ni shairi.

Mfundishe jaribio hili, nililitumia darasani miaka yote: badili idadi. Wingi uwe umoja. "Kitabu changu kizuri kimepotea." V zimekwenda wapi? Zimekimbia zote, wamekuja k na ch. Sauti inayohama ukibadili idadi inakaa kwenye viambishi, ni mali ya sarufi. Sauti ya mshairi hukaa kwenye mzizi wa neno, hata ugeuze idadi mara ngapi haitoki.

Sasa linganisha na mshororo mmoja wa Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyeona mji wa Pate ulivyoporomoka baada ya utajiri wake. Anaeleza majumba ya matajiri yaliyobaki mahame, popo wamening'inia juu, kisha anasema:

zitanda matandu walitandiye

Ni Kiswahili cha kaskazini, "zitanda" ndiyo vitanda vyetu. Vitanda walivyolalia watu wa enzi vimetandwa na utando. Msome kwa sauti, mama, usisome kwa macho. Zi-TANDA, ma-TANDU, wali-TANDIye. Viambishi vya mbele vyote vitatu ni tofauti: zi, ma, wa. Sarufi haikumlazimisha kitu. Kinachorudi ni mzizi, tand, tand, tand, na kila ukirudi unaongeza tabaka jingine la vumbi juu ya kile kitanda. Utando unajitanda mdomoni mwako ukiwa unausoma. Hiyo ndiyo takriri.

#4 MamaKibanda

Mwalimu nimeisoma kwa sauti hapa kibandani, mteja kaniuliza kama ni Kiarabu 😂 Lakini nimeisikia. Kweli inajirundika.

#5 MchanaMistari

Shikamoo mwalimu. Naheshimu sana somo lako ila kuna mahali nakupinga kidogo.

Mimi nachana, mistari ndiyo kazi yangu. Unasema sauti ya kiambishi ni ya sarufi, mtunzi hana hiari. Lakini hiari ya kuchagua ngeli anayo. Nina mstari wangu wa zamani namsema mwenye nyumba aliyekuwa ananisumbua kodi:

Kizee kile kikorofi kikaketi kikakohoa.

Ningeweza kusema "mzee yule mkorofi akaketi akakohoa". Sarufi ingeniruhusu. Mimi nimemtoa kwenye ngeli ya watu nikamtupa kwenye ngeli ya vitu ili nipate hizo ki-ki-ki-ki. Kwanza nimemdharau, pili unasikia kikohozi chenyewe. Sasa hizo k za mbele ni za sarufi au za kwangu?

#6 MwlMstaafu

Marahaba. Kijana umenishika pabaya.

Nakubali. Ukichagua ngeli kwa makusudi, sarufi inageuka mtumishi wako. Ila ona kitu: jaribio langu bado linasimama. "Wazee wale wakorofi wakaketi wakakohoa." Ki zimeondoka, lakini k ya korofi, ya keti na ya kohoa bado zipo. Ulikuwa umeshapanda k kwenye mizizi, ngeli ikaja kumwagilia tu. Bila mizizi ile mstari wako ungekuwa "kizee kile kibaya kilianguka", na pasingekuwa na kikohozi.

Kwa hiyo namrekebisha mwalimu mwenyewe: kiambishi peke yake hakitoshi. Kikisaidiana na mzizi, na ukaweza kuonyesha kwamba mtunzi alikuwa na njia nyingine akaiacha, andika takriri na ueleze. Maelezo ndiyo yanayopata alama.

#7 Kibajaji

Wale wana wa Liwali wala wali wa Liwali. Hapo je? Bibi alikuwa anatufanyia mashindano, ukikosea hupati ukoko.

#8 MwlMstaafu

Hapo vimo vyote viwili, sarufi na mchezo, ndiyo maana ulimi unateguka. Bibi yako alikuwa mwalimu kuliko mimi.

#9 BintiNakuru

Hamjambo wenzangu wa Tanzania. Nawasomea kutoka Nakuru, nafundisha shule ya upili, nimecheka na kujifunza.

Dada, hiyo ya "sijui kama nitafika" nikuondolee haraka. "Kama" hapo ni kiunganishi cha shaka, ni kama kusema "sijui iwapo nitafika". Hakuna vitu viwili vinavyolinganishwa. Wanafunzi wangu nao hufanya hivyo hivyo: wakiona neno "kama" wanaruka juu yake kama kuku aliyeona punje. Mwambie binti atafute vitu viwili kwanza, neno baadaye. Vitu viwili visipopatikana, hakuna tashbihi.

Kuhusu "jua limezama" nina la kusema zaidi. Tashihisi (huku kwetu pia tunaiita uhuishi) ni kukipa kisicho na uhai tabia ya mwenye uhai. Je, kuzama ni tabia ya mtu? Jiwe huzama. Meli huzama. Simu yangu ilizama kwenye ndoo ya maji Jumamosi na haikuwa na uhai wowote, wala sasa haina. Kwa hiyo hata kama kuna picha pale, si picha ya mtu. Angesema "jua limepiga miayo likajifunika shuka la bahari", hapo jua limekuwa mtu.

Tena "kuzama" kwa jua ni picha iliyochakaa. Zamani mtu wa kwanza aliyesema jua limezama alikuwa mshairi, huenda alisimama ufuoni akaliona likiingia majini. Leo ni habari ya saa tu. Sawa na mguu wa meza na mdomo wa chupa. Hakuna anayefikiria mguu halisi akiigonga meza.

#10 MchanaMistari

Kuna mwenye kuufikiria, kidole changu kidogo cha mguu kinaufikiria kila usiku.

#11 NyukiDume

Na "Simba" je? Kama mtoto akiandika "Simba yaunguruma Mwanza" ni sitiari (kukiita kitu kwa jina la kingine bila "kama"), ni tashihisi, ni nini? Maana ni jina la timu.

#12 MwlMstaafu

Swali zuri kuliko linavyoonekana. Angalia tena ngeli. Mnyama tungesema "simba anaunguruma". Gazeti la michezo linaandika "Simba yaunguruma", yaani klabu. Kiambishi kimekwisha kukuambia kwamba mnyama hayupo. Jina lenyewe lilianza kama sitiari ya nguvu, likafa, likawa jina la kwenye kadi ya uanachama. Ila mwandishi wa kichwa cha habari kachagua "yaunguruma" badala ya "yashinda", na kwa kitenzi kile kimoja mnyama aliyelala ndani ya jina kaamka. Kwa hiyo ni sitiari, na iko kwenye kitenzi. Wa Yanga msinijie juu, ni mfano tu.

Hili la ngeli likae kichwani mwa binti maana lugha zisizo na ngeli hazina silaha hii. Kwetu sisi mshairi anaweza kukigeuza kitu kuwa mtu kwa herufi moja. "Kifo kimekuja" ni taarifa. "Kifo amekuja" ni mgeni mlangoni.

#13 BintiNakuru

Mwalimu, hiyo ya "kifo amekuja" naiba, kesho iko ubaoni.

#14 MamaKibanda

Nimeshindwa kumpa binti simu maana hatairudisha, kwa hiyo namsomea. Anauliza: haya, nimejua nilivyokosa. Sasa nikipewa shairi jipya naanzia wapi? Maana kwenye mtihani hakuna MwlMstaafu.

#15 MwlMstaafu

Mwambie babu yake wa mtandaoni anasema aache daftari. Nimemtungia ubeti mmoja leo asubuhi nikiwa bandani kwa kuku, mvua ilikuwa inakuja. Ni tarbia, mishororo minne, kila mshororo mizani (yaani silabi) kumi na sita, nane kwa nane. Ahesabu mwenyewe, na akumbuke "m" ya "mzee" ni silabi kamili: m-ze-e, tatu.

Mawingu yamejikunja, ja mzee wa baraza,
Upepo naye avunja, matawi akiyalaza,
Matone yaja kuonja, ta! ta! ta! bati lapaza,
Mgeni huyu mjanja, hodi hapigi hujaza.

Asome mara tatu. Mara ya kwanza kwa sauti, bila kalamu. Mara ya pili ajiulize mahali gani pamesemwa kitu ambacho kikichukuliwa neno kwa neno ni uongo, maana mawingu hayakai barazani na matone hayana ulimi. Kila penye uongo wa namna hiyo kuna tamathali. Mara ya tatu ndiyo aanze kuipa majina. Watoto wetu wanaanza na majina, wanatembea nayo ndani ya shairi kama karani mwenye orodha ya wadaiwa.

#16 MchanaMistari

"Hodi hapigi hujaza" 🔥 mwalimu uje studio.

#17 MamaKibanda

Tumerudi. Kachukua karibu saa nzima na mboga imeungua, lakini sikumsumbua. Naandika alivyosema yeye:

Tashbihi anaona iko mshororo wa kwanza, ila hakuna "kama". Kuna "ja", akafikiri ni kitenzi cha kuja. Nikamwambia bibi yako husema "mweupe ja theluji", akaruka.

Tanakali ni "ta ta ta". Hiyo kaipata upesi.

Upepo, anasema "naye" na "akiyalaza" vimemshtua. Upepo ungekuwa "nao" na "ukiyalaza". Kwa hiyo upepo kafanywa mtu. Lakini anauliza, je, huenda mwalimu kafanya vile ili mizani zitimie tu?

Mgeni hajui ni nani. Kwanza alisema mzee wa baraza.

Na hodi-hapigi-hujaza, h tatu. Anaogopa kusema ni takriri, anaona mtego.

#18 MwlMstaafu

Mama, huyu mtoto 4 kati ya 15 si yake.

Swali la mizani ni la mtu mzima. Ajaribu: "Upepo nao wavunja". U-pe-po-na-o-wa-vu-nja. Nane! "Matawi ukiyalaza", nane vilevile. Mizani zilikuwa zinatimia pande zote mbili, kwa hiyo sikulazimishwa. Washairi huwa tunalazimishwa, sikatai. Tunakata neno, tunalirefusha, tunaliazima la Kiamu cha Lamu au la Kimvita cha Mombasa, na huo ni uhuru wetu wa siku zote. Lakini kabla hujasema mshairi kalazimishwa na mizani, pima umbo la kawaida uone kama lingeingia. Likiingia na bado kaliacha, basi kakusudia.

Mgeni ni mvua. Hakutajwa popote katika ubeti, na ndiyo maana ni mgumu. Sitiari ya kitoto hutaja pande zote mbili: "mvua ni mgeni". Sitiari iliyokomaa hutaja upande mmoja ikakuachia mwingine. Utamjuaje? Kwa mazingira: mawingu, upepo, matone, kisha mgeni asiyepiga hodi bali anajaza. Anajaza nini? Ndoo, uwanja, chumba. Aliyewahi kulala bondeni msimu wa masika hahitaji mwalimu hapo.

Na mtego wa h kauona. "Hapigi" na "hujaza" zimeanza na h kwa sababu ya ukanushi na mazoea, ni sarufi. Ya mzizi ni "hodi" peke yake. Mimi mwenyewe nisingempa alama za takriri pale, japo nilitunga mimi. Ziliangukia tu. Kwenye mtihani aache.

#19 BintiNakuru

Nyongeza ndogo ya mpakani: sisi mgeni yule aliyefichwa tungemwita jazanda, na "sitiari" wengine huku huandika istiara. Chuku yetu, yaani kutia chumvi, ni mubalagha yenu. Mtoto akihamia huku asishangae. Mama mmoja, mavazi mawili.

#20 MchanaMistari

Mbona hakuna aliyegusa vina? Binti kaviruka na mwalimu kavifunga kwa ustadi. Baraza, akiyalaza, lapaza, hujaza. Vyote -aza.

Na hapa ndipo nataka kuuliza kitu kinachonisumbua. Wazee wa mashairi wanatuambia sisi wachanaji hatuna vina. Mimi nikiweka "maji" na "kazi" wimbo unakwenda, sikio linakubali. Mzee mmoja kwenye tamasha akaniambia hivyo si vina, ji na zi haviendani. Nani yuko sahihi?

#21 MwlMstaafu

Nyote wawili, kila mtu kwa ngoma yake.

Fikiria hivi. Kila neno letu la Kibantu linaishia na irabu, na irabu ziko tano tu. Kama kufanana kwa irabu ya mwisho kungetosha, basi ukifumba macho ukaokota maneno sita sokoni utapata vina. Ingekuwa rahisi mno, na kitu rahisi hakiitwi sanaa. Kwa hiyo wazee walitaka silabi nzima, konsonanti na irabu yake: ka kwa ka, nja kwa nja. Sheikh Kaluta Amri Abedi aliyeandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi, kilichotoka mwaka 1954, hakuwa na mzaha na jambo hilo.

Lakini kuna jambo la pili. Mkazo wa Kiswahili unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. MAji. KAzi. Mchanaji anapiga neno palipo na mkazo, kwa hiyo sikio la wasikilizaji wake linashika a ya kwanza kisha i. Irabu mbili zimekaa sawa, mdundo umefunika konsonanti, watu wanatikisa kichwa. Hiyo ni takriri irabu na ni halali kabisa. Shairi la mapokeo nalo huimbwa, na mwimbaji husubiri mwisho wa kipande akavuta ile silabi ya mwisho: yamejikunjaaa, barazaaa. Hapo ji na zi zinaachana hadharani, kila mtu anasikia.

Kwa hiyo ukitaka kujua kina kinataka nini, jiulize shairi lile linatokaje mdomoni.

#22 MchanaMistari

Miaka saba nachana, leo ndiyo nimeelezwa nafanya nini. Asante mzee.

#23 JichoLaTatu

Samahanini, ila mnapoteza muda. Vina, mizani, takriri, yote hayo ni ya zamani. Mshairi Kezilahabi alishatoa diwani yake Kichomi mwaka 1974, mashairi huru, yasiyofuata vina wala mizani. Leo mtu anaandika anachohisi. Mnawafundisha watoto kuhesabu silabi kama wanahesabu chenji.

#24 BintiNakuru

Ndugu, aliyeacha vina hakuacha masikio. Shairi huru ndilo lenye kazi zaidi ya sauti, kwa sababu halina ngome ya vina ya kujificha nyuma yake. Likikosa vina na mizani, halafu likakosa urudiaji, picha, hata pumzi ya kukata mstari mahali pake, kinachobaki ni barua iliyokatwa vipande. Nawasahihisha wanafunzi wanaotunga "huru" kila wiki, najua ninachosema.

#25 JichoLaTatu

Hapo kwenye barua iliyokatwa vipande nimecheka, lakini sijakubali.

#26 NyukiDume

Na "nyeupe pe" mmeiacha. Mama kauliza tangu juzi.

#27 MwlMstaafu

Nilikuwa naikimbia.

Mimi nilifundisha kwamba tanakali sauti ni mwigo wa sauti: kitu kinaanguka majini chubwi, mchangani tifu, mlango unapigwa ngo ngo ngo. Methali inasema chururu si ndo ndo ndo, na ukitamka tu unasikia tofauti ya maji yanayotiririka na maji ya tone tone, huhitaji kamusi. Sasa weupe una sauti gani? Ukisimama karibu na kanzu nyeupe unasikia nini? Kwa hiyo "pe" mimi naiita kikoleza maana, kinatia nguvu, basi.

#28 BintiNakuru

Mwalimu, hapo tunaachana. Vitabu vyetu vya shule vinaweka nyeupe pepepe, nyeusi tititi, lala fofofo na funika gubigubi katika kapu moja la tanakali, na naona vina haki. Kimya nacho kina sauti gani? Lakini tukisema "kimya jii" unakisikia. Mwigo si wa sauti tu, lugha yetu inaiga hata kinachoonekana na kinachohisiwa. Pe ni jinsi weupe unavyokupiga machoni, mara moja, bila doa. Jaribu kusema "nyeusi pe". Mdomo unakataa.

#29 MwlMstaafu

Mdomo unakataa kwa mazoea, mwanangu. Tangu utoto hukusikia "nyeusi pe".

#30 BintiNakuru

Na hao wa kwanza waliosema pe, waliichaguaje badala ya ti?

#31 MwlMstaafu

Kuku wananiita.

#32 Kibajaji

😂😂😂 Mzee kakimbia uzi.

#33 MchanaMistari

Mama, mwambie binti asiweke "nyeupe pe" kwenye karatasi kama kuna "chubwi" au "ta ta ta" ndani ya shairi. Achukue ile isiyo na ugomvi. Ya ugomvi abaki nayo ya kubishania nyumbani.

#34 MamaKibanda

Wakuu nimepotea siku tatu, kulikuwa na oda ya harusi.

Niwape taarifa. Mwalimu wake hawezi kubadilisha alama na hatukwenda kumsumbua. Lakini nyumba yangu haina amani sasa. Jana kanitolea kanga zote kabatini, anasoma majina moja moja, hii sitiari, hii kejeli, hii mama ulimnunulia nani? Nikamwambia hiyo iache hapo hapo.

Usiku wa kuamkia leo mvua imenyesha kwetu. Bati la chumba chake linavuja, tumeweka sufuria. Asubuhi nimekuta kwenye karatasi ile ile ya mtihani, nyuma, kaandika kwa penseli. Kasema nimpelekee MwlMstaafu kama jibu la ubeti wake, ila kamaliza mshororo mmoja tu:

Bati letu lina donda, ndo! ndo! ndo! damu yadonda.

Hiyo "yadonda" ni ya bibi yake, husema maji yanadonda yakitoka tone tone.

#35 MwlMstaafu

Nimehesabu mara mbili. Nane kwa nane.

Donda la kwanza ni jeraha, donda la pili ni kutona, sauti moja maana mbili, na ndo ndo ndo katikati imetolewa ndani ya neno lenyewe. Mzizi, mama. Ageuze idadi: "mabati yetu yana madonda". Dond haitoki! Na bati limekuwa mwili bila kuandika "kama" popote.

Kina cha kati na cha mwisho kavifananisha, inaruhusiwa, ila kajifunga kamba: mishororo mitatu iliyobaki nayo itabidi iende kwa nda na nda. Namsubiri.

#36 BintiNakuru

Nyosha, tanda, shinda, randa, konda... dada mpe hayo maneno, ila "nyosha" alitupe, limeniponyoka.

#37 Kibajaji

Hongera kwa binti. Mimi naomba kuuliza la kawaida: hilo bati mnaliziba lini? Maduka ya vifaa vya ujenzi yanauza lami ya kupaka juu ya tundu, unaweka na kipande cha turubai. Fanyeni kabla ya ubeti wa pili.

#38 MamaKibanda

Fundi anakuja Jumamosi. Binti kasema asije kabla hajamaliza.